Lipimwe Somo Kabla ya Mwanafunzi

Mwalimu amalizapo somo lake, akawageukia wanafunzi na kuwauliza kama wamefahamu, nao wakaitika kwa sauti moja kwamba wamefahamu, huwa amepokea jibu la adabu wala si jibu la ilimu; kwa kuwa kufahamu ni jambo litendekalo ndani ya dhihni ya kila mtu peke yake, mahali ambapo sauti ya pamoja haifiki, na ambapo hata mwenye dhihni hiyo aghalabu hajui kwa yakini lililokaa na lililopita. Juma moja baadaye, madaftari yakikusanywa na kusahihishwa, hudhihirika kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyoitikiwa haikukaa. Na hapo lawama hushuka, kama ilivyozoeleka katika nchi zetu, juu ya kichwa cha mtoto: ni mvivu, ni mzito, hana akili ya hesabu, hakulelewa kupenda kitabu. Nakusudia katika makala haya kuiondoa lawama hiyo mahali ilipowekwa, na kuonyesha kwamba ilimu ya namna akili ijifunzavyo, ambayo wataalamu wameipa jina la nadharia ya utambuzi, inatutaka tulipime kwanza somo lenyewe, jinsi lilivyopangwa, lilivyogawanywa, lilivyosemwa na lilivyorudiwa, kabla hatujampima yule aliyefundishwa.

Si siku zote wataalamu walikuwa radhi kuzungumza juu ya akili. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wengi wa wanasaikolojia wa Marekani walishika madhehebu yaliyonena kwamba yaliyomo akilini hayaonekani, na kisichoonekana hakifai kuwa maudhui ya sayansi. Kifaacho kuchunguzwa ni tendo la nje, na tendo hukuzwa kwa thawabu na kufifia kwa kukosa thawabu. B. F. Skinner wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyekuwa kinara wa madhehebu hayo, alitengeneza katika miaka ya 1950 mashine za kufundishia zilizompa mwanafunzi swali dogo, zikamngoja ajibu, kisha zikamjulisha papo hapo kama amepata au amekosa. Na insafu inatupasa tukiri kwamba katika kuligawa somo vipande vidogo na kutolichelewesha jibu, alikuwa na hoja njema. Walakini madhehebu yasiyotaka kunena lolote juu ya fahamu hayakuweza kueleza kwa nini mtoto hutamka sentensi ambayo hajapata kuisikia kwa mtu, hoja ambayo Noam Chomsky aliishikilia kwa nguvu mwaka 1959 alipokihakiki kitabu cha Skinner juu ya lugha. Wala hayakuweza kueleza kwa nini watu wawili waliopewa somo moja na thawabu moja hutoka darasani kila mmoja na lake.

Miaka mitatu kabla ya uhakiki huo, yaani 1956, George Miller alikuwa amekwisha kuchapisha makala yaliyokuja kuwa mashuhuri katika fani yake, akionyesha kwamba mtu asomewapo mfululizo wa tarakimu au maneno, akatakiwa ayarudie pale pale, uwezo wake hukoma karibu na vitu saba, vikipungua viwili au vikizidi viwili. Uchunguzi wa baadaye, ambao Nelson Cowan aliukusanya na kuupima mwaka 2001, umeishusha idadi hiyo hadi karibu na vinne, pale mtu azuiwapo kuyarudiarudia kimoyomoyo au kuyaunganisha. Ufinyu huu si ugonjwa, wala si aibu ya watoto wazito. Ni umbile la wanadamu wote, profesa na mwanagenzi, na tofauti iliyopo baina yao haitokani hasa na upana wa nafasi hiyo ya papo hapo, bali na yale yaliyokwisha kuhifadhiwa katika kumbukumbu ya kudumu, ambayo mpaka wake hakuna aliyeufikia. Miller alitambua kwamba kinachohesabiwa si kipande, bali ni fungu. Mtu akisomewa tarakimu nane, 1, 9, 6, 1, 1, 9, 6, 4, naye hajui neno juu ya historia yetu, ana vitu vinane vya kushika na yamkini vingine vitamponyoka. Lakini Mtanzania aliyeisoma historia ya nchi yake ana viwili tu, mwaka wa uhuru wa Tanganyika na mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar na wa Muungano, na nafasi iliyobaki ni yake kwa kazi nyingine. Maarifa aliyokuwa nayo ndiyo yaliyompa wasaa wa kufikiri.

Jambo hili lilithibitishwa kwa namna ya kupendeza katika mchezo wa sataranji. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, wakifuata njia ya Mholanzi Adriaan de Groot aliyewatangulia, waliwaonyesha wachezaji kete zilivyokaa ubaoni kwa sekunde 5 tu, kisha wakawataka wazipange upya kwa kukumbuka. Bingwa alirudisha mahali pake kete nyingi mno kuliko mwanagenzi, maadamu zilikuwa zimetokana na mchezo wa kweli. Lakini zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake ulikaribia kutoweka na akawa kama watu wengine. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kuyaona haya, kwani tunalo bao, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo mabingwa wake wa Zanzibar walichunguzwa na Mholanzi mwingine, Alexander de Voogt, aliyetoa kitabu chake mwaka 1995 juu ya mipaka ya akili zao. Bingwa wa bao hahesabu kete moja moja kama afanyavyo mgeni. Huiona nyumba, huviona kichwa na kimbi, huuona mtaji ujao na takata isiyo na faida, na kila kimoja cha hivyo kwake ni fungu moja lenye maana. Basi wale wanenao kwamba watoto wasishughulishwe na maarifa bali wafundishwe kufikiri tu, hutenga vitu viwili ambavyo maumbile hayakuvitenga: mtu hufikiri kwa yale anayoyajua, na asiyejua kitu hana cha kufikiria kwacho.

Kutokana na hayo huzaliwa kanuni ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo mama wa kanuni zote za usanifu wa mafunzo. Frederic Bartlett wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932 juu ya kukumbuka, aliwapa Waingereza waisome hekaya ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, iliyojaa mambo yaliyo mageni kwao, kisha akawataka waisimulie baada ya muda. Walichosimulia hakikuwa walichosoma: mtumbwi uligeuka mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, na yale yasiyoingia akilini mwao ama yaliachwa, ama yalirekebishwa yapate kulingana na dunia waliyoizoea. Akili, kwa hiyo, haiyapokei mambo kama yalivyo. Huyatafutia mahali katika muundo wa maarifa uliokwisha kujengeka, ambao Bartlett aliuita skima, na yasiyopata mahali hupotea au hupotoka. Mmarekani David Ausubel, aliyeandika mwaka 1968, alifikia hatima ya hoja hiyo aliposema, kwa maana, kwamba lau angelazimika kuikusanya saikolojia yote ya elimu katika kanuni moja, ingekuwa hii: lenye nguvu kuliko yote katika kujifunza ni lile ambalo mwanafunzi amekwisha kulijua, basi na litafutwe hilo kwanza, na afundishwe kwa kufuatana nalo. Ni kanuni sahali kuitamka, na ni wachache mno waitendao, kwa sababu maazimio ya kazi na maandalio ya masomo yetu huandikwa kwa kuuliza ni mada gani inayofuata katika muhtasari, si kwa kuuliza mwanafunzi huyu amefika wapi.

Lakini kulipatia jambo mahali si mwisho wa kazi, maadamu binadamu ni mwenye kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanya mwenyewe kuwa mchunguzi na mchunguzwa, alitoa mwaka 1885 kitabu kilichoonyesha kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo, na kwamba katika kuhifadhi mfululizo wa silabi 12 zisizo na maana, marudio 68 yaliyorundikwa katika siku moja hayakumfaa zaidi ya marudio 38 yaliyotawanywa katika siku 3. Na juu ya namna ya kurudia, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 jambo ambalo kila mwanafunzi akeshaye na kitabu usiku wa kuamkia mtihani angepaswa kulijua: kundi moja lilisoma kifungu cha habari mara ya pili, kundi la pili likafunika karatasi na kujaribu kukiandika kwa kukumbuka, na ijapokuwa baada ya dakika 5 wale waliosoma tena ndio waliokuwa mbele, baada ya juma moja waliojaribu kukumbuka walibakiwa na asilimia 56 ya yaliyomo, ilhali wenzao walibakiwa na asilimia 42. Kusoma tena humpa mtu hisia ya kujua. Kukumbuka bila ya kitabu humpa kujua kwenyewe.

Watoto wa pwani waliokwenda chuo cha Kurani kabla ya kwenda skuli wamelelewa katika utaratibu ambao kwa upande huu unastahili heshima kubwa kuliko uliyopewa na wataalamu wa kisasa. Mwalimu wa chuo huanza na herufi, akaendelea na hijai, irabu moja moja juu ya herufi moja moja. Kisha humtia mtoto katika Juzuu Amma, yenye sura fupi za mwisho wa Msahafu, kabla ya kumpandisha kwenye sura ndefu. Na lililohifadhiwa jana husomwa kwa moyo mbele yake kabla ya la leo kupokelewa, na la mwezi uliopita hurejewa katika murajaa. Wako walioilaumu njia hii kwa kuwa mtoto anaweza kuhifadhi mengi asiyoyajua maana, na lawama hiyo ina haki yake, kwani kuhifadhi bila ya kufahamu ni nusu ya safari. Lakini katika kupanga mambo kutoka mafupi hadi marefu, na katika kumtaka mwanafunzi ayatoe yaliyomo kifuani mwake siku baada ya siku, chuo kilikuwa kikitenda lile ambalo maabara ya saikolojia ilikuja kulithibitisha. Shule zetu za serikali, zilipoukimbia ukariri kwa nia njema, zilikimbia pamoja nao murajaa, na leo mada ya Januari hurejewa tena Novemba, mtihani ukiwa mlangoni.

Sasa tutazame jinsi ilimu hii inavyogeuka kuwa kazi ya mikono. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, jeshi la Marekani lilihitaji kuwafundisha watu wengi kazi ngumu kwa muda mfupi, na miongoni mwa wanasaikolojia waliotumika huko alikuwamo Robert Gagné, aliyekuja kuandika mwaka 1965 kitabu kilichoyaweka pamoja masharti ya kujifunza, akifundisha kwamba ujuzi mkubwa huchambuliwa kwanza katika ujuzi mdogo unaoubeba, na kwamba somo jema lina hatua zake, tangu kuwavuta wanafunzi wasikilize na kuwakumbusha wanayoyajua, hadi kuwaongoza, kuwajaribu, kuwarekebisha na kuwasaidia kulichukua jambo hilo hadi mahali pengine. Lakini aliyeuleta ufinyu wa akili katikati ya usanifu wa mafunzo ni John Sweller wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, katika nadharia ya mzigo wa utambuzi aliyoieleza mwaka 1988. Nahodha hupakia chombo chake kwa kujua kinazama majini kiasi gani na uzito gani kinaweza kuuchukua, na shehena isiyo na faida haipi nafasi ambayo ingechukua mali. Ndivyo na mtunga somo, asemavyo Sweller, apaswavyo kutenga uzito utokanao na asili ya jambo lenyewe, ambao hauepukiki, na uzito utokanao na jinsi lilivyoletwa, ambao wote ni hasara na wote huweza kupunguzwa.

Hasara hiyo imejaa katika vitabu na madarasa, wala haionekani kwa asiyeambiwa aitafute. Mchoro wa moyo ukiwekwa ukurasa mmoja na maelezo ya sehemu zake ukurasa wa pili, nguvu ambayo mwanafunzi angeitumia kufahamu mzunguko wa damu huishia katika kufunua huku na kurudi kule akishika herufi A na B kichwani. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambaye kwa miaka mingi amepima namna picha na maneno vinavyosaidiana, ameonyesha kwamba viwili hivyo hufaa zaidi vikiwa karibu, na kwamba mapambo ya kuvutia yasiyohusika na maudhui humpunguzia msomaji alichokuja kukichuma. Wenye kudhani kwamba kununua projekta au vishikwambi ndiyo mageuzi ya elimu wangefaa walitafakari hilo, kwa sababu somo lililopangwa vibaya likitiwa katika kishikwambi hubaki limepangwa vibaya.

Na nitoe mfano mmoja kamili, ili msomaji asidhani kwamba haya ni maneno ya vyuo vikuu tu. Mwaka 1985 Sweller na Graham Cooper walionyesha kwamba wanafunzi wanaoanza aljebra hujifunza upesi zaidi wakipewa mifano iliyokokotolewa hadi mwisho waichunguze, kuliko wakiachiwa tangu mwanzo mafungu ya maswali wayafumbue wenyewe, kwa kuwa mwanagenzi aliyeachwa na swali hutumia akili yake yote kutafuta njia ya kufikia jibu, na baada ya kulipata hana alilojifunza juu ya njia. Chukua basi hesabu hii: mikate mitatu na chai ya shilingi 500 vimegharimu shilingi 2,600, je, mkate mmoja ni bei gani? Mwalimu aikokotoe yote ubaoni, akieleza sababu ya kila hatua: bei ya mkate hatuijui, basi tuiite x; mikate mitatu ni 3x; ukiongeza chai ni 3x + 500 = 2,600; chai ikiondolewa pande zote mbili, zabaki 2,100; zikigawanywa kwa mikate mitatu, kila mkate ni shilingi 700. Hesabu ya pili, yenye sura ile ile, aiache bila ya hatua ya mwisho, waimalize wanafunzi; ya tatu aiache bila ya hatua mbili; ya nne wafanye wote peke yao; na siku ya tatu, kabla ya somo jipya, awape moja bila ya kitabu. Haya yote hayahitaji umeme wala mfadhili. Yanahitaji chaki, na mtu aliyekaa usiku akafikiri hesabu ya kwanza iwe ipi na ya nne iwe ipi.

Nimefika mahali ambapo, kwa nchi yangu, nadharia hii inagusa donda. Tangu 1967 mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania aghalabu husomeshwa kwa Kiswahili. Kwa lugha hiyo hujifunza sehemu za mmea, na usanisinuru, na jinsi jani litumiavyo mwanga wa jua, maji na hewa kujitengenezea chakula. Aingiapo Kidato cha Kwanza, baada ya mafunzo ya majuma machache ya kumwandaa kwa lugha, hukutana na usanisinuru ule ule kwa jina la Kiingereza, katika sentensi za Kiingereza, na kitabu kisichomwambia kwamba jambo hili ni lile alilokwisha kulijua. Akili yake iliyo na nafasi ya vitu vichache huanza kushika neno moja akitafuta maana yake, akashika la pili la kwanza likaponyoka, na afikiapo mwisho wa sentensi hana sentensi. Sayansi haijaingia bado, kwa kuwa nafasi yote imejazwa na lugha. Skima yake ya mmea ipo, nzima, imefungiwa katika lugha ambayo mlango wa darasa umeikataza. Anachobakiwa nacho ni kunakili ubaoni na kuhifadhi maneno kwa mpangilio wake, nasi twamwona, twasema watoto wa siku hizi hukariri.

Hili halikukosa kujulikana. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza shuleni wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kukisoma kwa kiasi cha kujifunzia masomo mengine, na bado wakashauri kiendelee kuwa lugha ya kufundishia na kuimarishwa. Simpingi mzazi atakaye mwanawe ajue Kiingereza. Matakwa hayo ni ya haki, na nadharia ya utambuzi haiyapingi. Inachopinga ni kumtwika mtoto mambo mawili mageni kwa wakati mmoja, kisha kumhesabia kosa akilemewa. Kiingereza kifundishwe kama somo, kwa mpango, na walimu wanaokijua, tangu mapema na kwa wingi; na fizikia, baiolojia na historia zifundishwe katika lugha ambayo maana hupita ndani yake bila ya kulipishwa ushuru njiani. Na pale ambapo sheria haijabadilika, mwalimu anaweza kuanza kila mada kwa kuuliza kwa Kiswahili wanafunzi wanajua nini, na mwandishi wa kitabu cha kiada anaweza kuweka jina la Kiswahili la dhana kando ya la Kiingereza mahali litokeapo mara ya kwanza. Ni wino mdogo, na faida yake ni kubwa.

Najua kwamba wako watakaosema kuwa elimu ya sasa, kwa mtaala wa umahiri ulioingia sekondari Tanzania mwaka 2005 na ule ulioanza kutumika Kenya katika mwongo uliofuata, imeelekea kwa mwanafunzi kugundua mwenyewe, na kwamba mifano iliyokokotolewa na murajaa ni kurudi nyuma. Nia ya mitaala hiyo ni tukufu, nami naiunga mkono. Mwalimu Nyerere alikwisha kudai katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, kwamba shule imzae mtu mwenye akili ya kudadisi. Lakini udadisi ni mwisho wa njia, na mwisho wa njia haulazimu kuwa njia yenyewe. Paul Kirschner, Sweller na Richard Clark waliandika mwaka 2006 kwamba mwanagenzi aliyeachwa agundue bila ya uongozi wa kutosha hujifunza kidogo na hukosea mengi, na ingawa makala yao yalizua ikhtilafu kubwa baina ya wataalamu, si rahisi kuukanusha ushahidi wa madarasa yetu wenyewe, ambamo vikundi vya watoto kumi huizunguka karatasi moja, mmoja akaandika na tisa wakamtazama, na jambo hilo likaitwa ushirikishi. Nadharia ile ile ina hadhari yake pia: Slava Kalyuga na wenziwe walionyesha mwaka 2003 kwamba msaada umfaao anayeanza humzuia aliyekwisha kupevuka, kwa hiyo uongozi uwe mwingi mwanzoni, upungue kwa kipimo, na hatimaye uondoke, mwanafunzi abaki na swali gumu peke yake. Anayemnyima mwanagenzi msaada na anayemng'ang'ania aliyepevuka wamekosa jambo moja, nalo ni kutazama mwanafunzi amefika wapi.

Wala mtu asiseme kwamba nchi maskini zenye madarasa yaliyofurika haziwezi haya. Kenya, katika mpango wa Tusome ulioanza mwaka 2015 kwa kusoma Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya mwanzo, ilimpa kila mtoto kitabu chake, ikampa kila mwalimu mwongozo wa somo kwa somo, na maofisa wa elimu wakatumwa madarasani kumsaidia mwalimu badala ya kumkagua tu; na tathmini zilionyesha kwamba usomaji ulipanda kwa kiasi kikubwa. Kiswahili chenyewe kilisaidia, kwani herufi zake hutamkwa zilivyoandikwa, na mtoto ajuaye ba, be, bi, bo, bu ana silaha ya kusomea maneno elfu. Lakini lugha nyepesi bila ya mpango isingetosha.

Kwa hiyo yangu ni madai kwa watu watatu. Waandishi wa mihutasari na vitabu, wa Taasisi ya Elimu Tanzania na wenzao wa nchi jirani, wasihesabu mada zilizotiwa bali mada ambazo mtoto wa kawaida anaweza kuzibeba, na kila mada ionyeshe inasimama juu ya ipi iliyoitangulia. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoeleza swali kwa swali wapi walikosea na kwa nini. Taarifa hizo zisiishie katika makabati ya shule, bali zirudi kwa mtunga kitabu kama ushahidi urudivyo kwa hakimu, ili sura ambayo maelfu hujikwaa ndani yake mwaka baada ya mwaka iandikwe upya. Na mwalimu, ambaye mzigo wake naujua kuwa ni mzito na mshahara wake mdogo, aanze kila kipindi kwa maswali matatu ya kipindi kilichopita, yaandikwe bila ya kitabu, yasahihishwe papo hapo, pasiwe na alama wala fimbo; dakika 5 hizo zitamwambia kweli ambayo kuitika kwa pamoja hakutamwambia.

Nakiri kwamba somo lililosanifiwa vizuri halimshibishi mtoto aliyekuja na njaa, wala halimpi mwalimu mmoja aliye na wanafunzi 100 mikono ya watu watatu, na serikali isiyolipa madeni hayo isijifiche nyuma ya saikolojia. Lakini yapo mengi yaliyo katika uwezo wetu leo, nayo twayaacha kwa sababu tumeridhika na maelezo mepesi kuliko yote, kwamba wako watoto wenye akili na wako wasio nazo. Mtoto mmoja akishindwa, yafaa tumtazame mtoto. Darasa zima likishindwa, yafaa tutazame somo. Na kizazi kizima kikishindwa mahali pale pale, kwa maswali yale yale, waliolitunga somo, na waliolichagulia lugha, na waliolipangia saa, ndio waliofanya mtihani wakaanguka, na dhima ya kuurudia ni yao.